Simu Yako Haina Virusi, Umeibiwa Ruhusa

Leo naomba tuongee kuhusu kengele. Si ya kanisani wala ya shuleni. Ni ile kengele ya simu inayolia kila baada ya dakika chache na kuleta habari ambazo hukuziomba: "Simu yako ina virusi 5, isafishe sasa!", "Umekubaliwa mkopo wa 20,000", "Mechi za uhakika za leo", na nyingine ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu hata watoto wanasoma. Unafuta moja, zinakuja tatu. Kivinjari hujakifungua tangu asubuhi. Unaanza kujiuliza, jamani, simu hii imerogwa?

Haijarogwa. Na mara nyingi haina kirusi hata kimoja. Kilichotokea ni kwamba siku moja, ukitafuta wimbo, filamu, matokeo ya mpira au karatasi za mitihani ya zamani, tovuti fulani ilikuhadaa ukabonyeza kitufe cha Ruhusu.

Msimamo wangu ni huu, na ninausema nikiwa mtu anayeandika programu ili apate ugali wake: ruhusa iliyopatikana kwa hila si ruhusa. Tuache kumlaumu aliyebonyeza. Kazi ya kuuziba mwanya huu ni ya wanaotengeneza vivinjari, na ni yetu sisi tunaotengeneza tovuti.

Kwa nini Raila?

Jambo hili liko dunia nzima, lakini uzito wake haulingani kila mahali. Ndiyo maana nalitazama nikiwa nimesimama katika kijiji cha Raila, kule Kibera, na ng'ambo ya Ngong Road kule Kawangware, ambako matatu za 46 hufikia.

Huko simu ni moja na kazi zake ni zote. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imekuwa benki. Mama mboga anapokea malipo kwayo. Mwenye kibarua anasubiri kupigiwa kwayo. Shule inatuma ujumbe wa karo kwayo, na mwanafunzi anafanyia kazi ya nyumbani kwenye hiyo hiyo mama akirudi jioni. Mtu wa Kilimani ana laptop, ana simu ya pili, na kazini kuna kijana wa kompyuta wa kumwita. Mtu wa Raila ana simu moja ya Android ya bei nafuu, pengine ya mkono wa pili kutoka soko la Toi, na bando analipima kwa shilingi.

Sasa fikiria sehemu ile ya juu ya kioo ambapo arifa zinajipanga. Ujumbe wa kweli wa pesa zilizoingia uko pale. Chini yake kuna arifa ya uongo inayosema pesa zimeingia. Zimekaa bega kwa bega, na zote zimelia kwa sauti ile ile. Mtu aliyechoka, aliyesimama kibandani na wateja wawili wakimngoja, atazitofautisha vipi?

Halafu kuna gharama ya kutibiwa vibaya. Mara kadhaa nimekutana na watu ambao fundi "amewatolea virusi" kwa kuifuta simu yote. Wamelipa pesa, wamepoteza picha za watoto na namba za wateja, na baada ya wiki moja kelele zimerudi kwa sababu wameingia tena tovuti ile ile na kubonyeza kitufe kile kile. Ugonjwa haukuhitaji upasuaji. Ulihitaji vidole viwili na dakika mbili.

Hodi ya uongo

Kwetu mgeni hupiga hodi. Unamtazama ni nani, unajua amekuja kwa lipi, ndipo unasema karibu. Na ukimkaribisha leo, hujampa ufunguo wa mlango wa maisha.

Tovuti hizi zinapiga hodi kabla hujaziona sura. Ukurasa haujamaliza kufunguka, tayari kimetokea kisanduku: tovuti fulani inaomba kukutumia arifa, Ruhusu au Zuia. Hizo angalau zimesema ukweli. Zile mbaya zaidi huweka maneno yao wenyewe nyuma ya kisanduku: "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti." "Bonyeza Ruhusu ili video ianze." "Bonyeza Ruhusu upakue faili." Yote ni uongo. Kitufe kile kina kazi moja tu, nayo ni kuruhusu arifa. Hakithibitishi kitu, hakianzishi video, hakipakui chochote.

Ukishakibonyeza, mambo matatu hutokea:

1. Kivinjari kinahifadhi kipande kidogo cha msimbo wa tovuti hiyo, ambacho kinaweza kuamshwa hata kama umefunga ukurasa.
2. Kivinjari kinaipa tovuti anwani ya pekee ya kukufikia wewe, kwenye simu hiyo.
3. Mwenye anwani hiyo anaweza kukutumia ujumbe saa yoyote. Kwa Chrome, ujumbe unapitia seva za Google, unaingia kwenye simu, na kengele inalia.

Ufundi huu uliingia Chrome toleo la 42 mwaka 2015, na Firefox toleo la 44 mwaka 2016. Nia ilikuwa njema. Barua pepe ikifika, ujue. Mzigo wako ukifika, ujue. Lakini mtandao wa matangazo haukukawia kuona kwamba anwani ya kumfikia mtu mfukoni mwake, usiku na mchana, ni bidhaa inayouzika.

Angalia jambo hili vizuri: hakuna programu iliyosakinishwa. Ndiyo maana programu ya kutafuta virusi haioni kitu. Ndiyo maana ukifuta historia ya kurasa ulizotembelea, ruhusa bado ipo. Umetafuta mwizi uvunguni, kumbe amekaa sebuleni kwa sababu aliambiwa karibu.

Hesabu ya bando

Nisitie chumvi. Ujumbe wa arifa wenyewe ni mdogo, kwa kawaida hauzidi kilobaiti 4. Ukipokea 50 kwa siku, ni kilobaiti 200 tu. Lakini nyingi huja na picha. Tuseme kila picha ni kilobaiti 100: hapo tumefika megabaiti 5 kwa siku, au megabaiti 150 kwa mwezi wa siku 30, na bado hujabonyeza hata moja. Ukibonyeza, ukurasa wenye video na matangazo unaweza kumeza megabaiti kadhaa kwa mkupuo. Kwa mwenye wifi hayo ni makombo. Kwa anayenunua bando la shilingi 20, anamlipia nauli mtu anayekuja kumwibia.

"Lakini alibonyeza mwenyewe"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia sana kwa wenzangu wa kompyuta. Watu wasome kabla ya kubonyeza. Watu waelimishwe.

Sawa, elimu ni nzuri. Lakini tukumbuke historia. Waliokuwa kwenye saiba za Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka vidirisha vya matangazo vilivyokuwa vikichomoza kama uyoga baada ya mvua. Unafunga kimoja, vinafunguka vinne, na saa ya saiba inahesabu. Je, viliisha kwa sababu watumiaji walielimishwa? Hapana. Mwaka 2004 Microsoft waliweka kizuizi cha vidirisha ndani ya Internet Explorer kupitia maboresho ya pili ya Windows XP, na Firefox toleo la 1.0 la Novemba mwaka huo lilikuja na kizuizi chake. Kizuizi kikawa kimewashwa tangu mwanzo, bila mtu kuombwa afanye lolote. Kelele zikapungua sana. Dawa haikuwa semina. Dawa ilikuwa mpangilio wa mwanzo.

Na takwimu za wenye vivinjari zinaonyesha watu si wajinga. Novemba 2019 Mozilla walieleza kwamba takriban asilimia 99 ya maombi ya arifa kwenye Firefox hayakubaliwi, na asilimia 48 yanakataliwa waziwazi. Kwa hiyo watu wanajua kukataa! Tatizo ni kwamba mtego hauhitaji kumnasa kila mtu. Ukiomba mara milioni moja na kupata asilimia moja, una watu 10,000 mkononi. Na hao wachache ni rahisi zaidi kuwa wale waliodanganywa na hadithi ya roboti kuliko wale waliotaka arifa kwa dhati.

Firefox wakachukua hatua: tangu toleo la 72 la Januari 2020, kisanduku hakijitokezi mpaka wewe mwenyewe uguse kitu kwenye ukurasa. Chrome nao mwaka huo huo wakaanza kunyamazisha maombi ya tovuti zilizojulikana kwa hila. Oktoba 2025 Google wakatangaza kwamba Chrome itaanza kuziondolea ruhusa tovuti zinazotuma arifa nyingi ambazo mtu hazijali, wakisema chini ya asilimia moja ya arifa zote ndizo zinazoguswa na mtumiaji. Nawapongeza. Lakini kutoka 2015 mpaka 2025 ni miaka kumi. Na simu ya zamani isiyopata maboresho haionji matunda hayo.

Kama kuna anayedhani haikuwezekana kufanya vingine, aangalie iPhone. Apple waliruhusu arifa za tovuti kwenye iPhone mwaka 2023 tu, kwa toleo la iOS 16.4, na kwa sharti: lazima kwanza uiweke tovuti hiyo kwenye skrini ya mwanzo ya simu yako. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Kwa hiyo tovuti ile ile ya filamu za bure, ikifunguliwa kwenye simu ya bei kubwa, inanyamaza. Ikifunguliwa kwenye simu ya bei nafuu, inapiga kengele. Usiniambie basi kwamba mtu wa Raila ni mzembe kuliko mtu wa Lavington. Mmoja amepewa mlango wenye komeo, mwingine amepewa pazia.

Matangazo ndiyo yanayolipa?

Mwenye tovuti atasema: ninakupa habari bure, acha nami nipate kidogo. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu seva hailipiwi kwa maombi. Tangazo lililo pembeni ya makala ni biashara halali. Umekuja dukani kwangu, umeona bango ukutani, umeondoka nalo kichwani au hukuondoka nalo. Lakini kumfuata mteja nyumbani, ukaketi kitandani kwake na kupiga kelele saa nane za usiku kwamba simu yake ina virusi, hiyo si biashara ya matangazo. Ni utapeli uliovaa tai.

Sheria yetu nayo iko upande wa mteja. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari, kwa jambo mahususi, na mtoaji awe anajua anachokubali. Inasema pia kwamba mtu anaweza kuiondoa idhini yake, na kwamba mzigo wa kuthibitisha kuwa idhini ilitolewa uko kwa anayekusanya data, si kwako. Kwa maoni yangu, "bonyeza kuthibitisha wewe si roboti" haiwezi kupita kwenye chujio hilo hata kidogo. Ni kweli wengi wa matapeli hawa wako mbali na mkono wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini tovuti za hapa nyumbani zinazobandika msimbo wa mitandao ya matangazo bila kuuchunguza ziko karibu, na wenyewe wanajulikana.

Dawa, hatua kwa hatua

Haya, tuache kulalamika tushike simu. Majina ninayotumia ni ya Chrome ya Kiswahili. Kama simu yako iko katika Kiingereza, mahali ni palepale, tafuta alama ya kengele.

Kwanza, kata arifa za tovuti. Fungua Chrome, gusa nukta tatu juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Usishangae ukikuta majina ambayo hujawahi kuyasikia. Gusa moja moja na uzuie. Ukitaka kumaliza maneno, zima kitufe kikubwa cha juu kabisa, na hakuna tovuti itakayokuomba tena. Mimi nashauri uzime. Ujumbe wa M-Pesa, WhatsApp na simu za kawaida haviguswi kabisa na kitufe hicho.

Njia ya mkato: arifa ikija, usiiguse kuifungua. Ibonyeze kwa muda mrefu, na simu itakuonyesha imetoka wapi pamoja na nafasi ya kuizima. Ikiwa imeandikwa Chrome na jina la tovuti, ni ruhusa ya tovuti. Ikiwa imeandikwa jina la programu nyingine, soma hatua inayofuata.

Pili, tafuta programu za matangazo, zile mafundi wanazoziita adiwea. Hizi ni ugonjwa tofauti. Dalili yake ni tangazo linalofunika kioo kizima hata ukiwa umefungua kikokotoo tu. Tangazo likitokea, fungua orodha ya programu zilizotumika karibuni uone ni ipi imejitokeza. Angalia tochi, visafishaji, vibodi vya herufi na michezo uliyoiweka kabla tu shida haijaanza, hasa kama ulitumiwa faili kwa WhatsApp badala ya kuipakua Play Store. Kwenye mipangilio ya programu, angalia zilizopewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Iliyo na ruhusa hiyo bila sababu, iondoe. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Play Protect na uikague simu.

Tatu, kama kila kitu kimeshindikana na simu ni mpya, usijilaumu. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kupitia huduma yake ya Secure-D kwamba ilikuta programu hasidi za Triada na xHelper ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zikiwasajili watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion, wenye Tecno, walisema chanzo kilikuwa msambazaji katika mnyororo wao wa ugavi. Mtu alinunua simu na mwizi akiwa tayari ndani ya boksi. Hapo ndipo kufuta simu au kubadilisha mfumo wake kunaweza kuhitajika, na hapo fundi astahili malipo yake.

Kwa wenye saiba, fanyeni wema mmoja: zimeni maombi ya arifa kwenye kila kompyuta, na mkague viendelezi vya kivinjari kila wiki. Mtu anayekuja kujaza kodi yake au kuingia eCitizen hafai kukaa mbele ya mashine iliyojaa mabango ya mikopo ya uongo.

Kwa mafundi wa vibandani: kabla hamjafuta simu ya mtu, fungueni ile orodha ya arifa kwanza. Mteja akiondoka na picha zake zote, ataleta na jirani yake.

Nasi tunaoandika msimbo

Mwisho nawageukia wenzangu. Wengi wetu tunakaa umbali wa shilingi 50 za matatu kutoka Raila, lakini tunajenga kana kwamba hakuna anayeishi huko. Nina masharti matatu, na hayahitaji digrii.

Usiombe ruhusa ya arifa ukurasa unapofunguka. Weka kitufe chako mwenyewe, "Nijulishe matokeo yakitoka", na uombe pale mtu anapokibonyeza.

Sema utatuma nini na mara ngapi, kisha usizidishe.

Usiuze wala kukodisha anwani hizo kwa mtandao wa matangazo. Mteja akikupa msimbo wa kubandika na hujui unafanya nini, ukatae. Ukimwambia "sijui unafanya nini kwa wasomaji wako", umemweleza ukweli ambao yeye mwenyewe hajawahi kuuliza.

Ndugu msomaji, kama una dakika mbili sasa hivi, fungua ile orodha. Ukimaliza yako, chukua ya mama, ya shangazi, ya jirani muuza samaki. Usiwape mhadhara juu ya kubonyeza bonyeza ovyo. Wazimie tu, uwaambie kilichokuwa kikiwasumbua hakikuwa virusi wala uchawi, kisha uwaachie simu yao ikiwa kimya.